Neno "inauma" nililisema nikiwa na miaka 33

Nimeacha kucheza baleti toka 2013 lakini mwezi wa kumi ukiingia bado tumbo linanikata. Huku Mbeya watu wanaanza kuangalia mawingu juu ya mlima Loleza, wanaandaa mashamba, mimi nashtuka usiku nahisi kuna barua mlangoni. Barua ya nini ntaeleza huko mbele maana ndo kiini cha haya yote, ila ngoja nianzie nyumbani, bila nyumbani hamtanielewa.

Mi ni mtoto wa TAZARA. Baba alikua anafanya kazi reli, tulikaa nyumba za wafanyakazi sio mbali na stesheni, mama alikua anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa na mpaka leo ana miaka 71 bado anauza. Bibi alikua kijijini, upande wa Tukuyu. Kwenye familia yetu hakuna aliyekataza mtu kulia, ila ilikua tu haipo. Ukianguka unaambiwa pole, haya simama. Bibi alikua na neno lake, mbombo ngafu, kazi ni ngumu, na wala hakua analalamika, alikua analisema kama mtu anavyosema leo kuna ukungu. Tukienda likizo namuona anapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, mvua inanyesha, udongo unateleza, na kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikua kimevimba miaka yote niliyomjua. Sijawahi kumsikia akisema chochote kuhusu ule mguu. Mi nilijua miguu ya watu wazima ndo inavyokuaga.

1989 nilikua darasa la tatu, miaka 9. Kulikua na mama mmoja mzungu, mume wake daktari, alikua amecheza baleti ujanani na kila Jumamosi alikua anawafundisha watoto wake kwenye ukumbi wa kanisa. Mi sikwenda kujifunza kitu. Mvua ilinikuta njiani nikajibanza barazani, nikawa nachungulia dirishani, akafungua mlango akasema ingia, vua viatu. Basi. Ndo maisha yangu yalivyogeuka, kwa mvua. Hakukua na kioo, hakukua na ule mti wa ukutani wa kushikia, tulishika migongo ya viti vya kanisa, sakafu ya saruji baridi kama barafu hasa mwezi wa sita na wa saba, wanaoijua Mbeya wanajua nasema nini. Muziki ulitoka kwenye redio ya kaseti. Mwaka mzima wa kwanza karibu kazi ilikua moja, visigino pamoja, vidole vitazame nje, magoti yakunjwe taratibu yafuate vidole, halafu panda. Inaitwa plie. Siku moja akanishika kidevu akaniuliza nani alikufundisha kubeba shingo namna hii, nikamwambia ndoo. Hakuelewa mpaka siku alipotukuta na mama tunatoka kisimani.

Nilikua najua kucheza kabla ya hapo, nisidanganye. Nimeona ngoma ya mapenenga kwenye misherehe na kwenye misiba kule kijijini, nimecheza na wenzangu. Kule unaipa ardhi uzito wako wote, unakanyaga mpaka vumbi linapanda, jasho linakutoka na watu wanakushangilia kwa sababu ya hilo jasho. Baleti ni kinyume chake kabisa. Ile densi ilikulia kwenye majumba ya wafalme, ilianzia Italia ikaenda Ufaransa, na mfalme Louis wa 14 mwenyewe alikua mchezaji, 1661 akaanzisha chuo chake cha densi, ndo maana mpaka leo ukienda Urusi, Japani au Cape Town maneno ya darasani yote ni ya Kifaransa. Sasa kwenye nyumba ya mfalme mtu hahemi kwa nguvu mbele ya watu. Kazi yote ya baleti ni kuficha kazi. Unaruka kana kwamba huna uzito, unashuka bila kishindo, mapafu yanawaka moto na uso unatabasamu. Mi nilikua natoka kwenye ukoo ambao hausemi maumivu nikaingia kwenye sanaa ambayo hairuhusu maumivu yaonekane. Vilishonana vizuri mno. Kila mtu alisema huyu mtoto ana kipaji, na kweli kipaji kilikuepo, lakini mimi nikiangalia nyuma naona nusu ya kile walichoita kipaji ilikua ni ukimya.

Nikiwa na miaka 12 ndo nikapata viatu vyangu vya kwanza vya kusimamia vidole, madam aliagiza kwao vikaja na posta. Watu wanafikiri ndani kuna chuma au mbao. Hamna. Ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyopakwa gundi yakakauka yakawa magumu kama sanduku dogo pale mbele, chini kuna ubao mwembamba wa ngozi au karatasi ngumu, juu satini. Unashona mwenyewe utepe, unavigonga sakafuni au unavibana kwenye mlango vilainike, na ukicheza kwa nguvu kweli jozi moja inaweza kufia kwenye onyesho moja tu, sanduku linalegea linakua kama mkate uliolowa. Mimi jozi ile niliitumia mwaka mzima, nikawa naikausha juu ya jiko la mkaa. Ncha tunapaka unga wa utomvu wa misindano ili usiteleze. Miaka ya karibuni nilikua kwenye basi naenda Iringa, tukapita misitu ya Sao Hill pale Mufindi nikaona misindano imegemwa, nikamwambia jirani yangu wa siti mama, hicho ndo nilikua nakanyaga mimi kila siku ya maisha yangu. Akaniangalia tu.

1997 nikaondoka. Madam alikua ameandika barua huku na huku mpaka shule moja Cape Town ikakubali kunipokea kwa ufadhili. Baba akatumia haki yake ya mfanyakazi, nikapanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya mpaka Kapiri Mposhi, ule mwisho wa reli ya kilomita 1,860 ambayo baba aliihudumia maisha yake yote na mwisho wake kule Zambia hakuwahi kuuona. Kutoka pale mabasi, Lusaka, Harare, Johannesburg, nikafika Cape Town miguu imevimba siwezi kuvaa raba. Mama alinifungia mchele kilo tano na majani ya chai ya Rungwe. Hakunibusu wala nini, alinishika mkono akasema vumilia mwanangu. Nikavumilia sana.

Cape Town ni mji wenye baleti siku nyingi, chuo kikuu cha pale kina shule ya baleti toka 1934. Lakini mi nafika ilikua miaka mitatu tu toka Mandela awe rais, kwa hiyo madarasani watoto weusi bado mnahesabika kwa vidole. Kule ndo nikajiona kwenye kioo kikubwa kwa mara ya kwanza. Miaka minane nilikua najua mwili wangu kwa kuuhisi, sasa nauona, na nikaanza kuuchukia. Nilikua nyuma ya wenzangu kwa mambo mengi ya ufundi, kitu kimoja tu niliwazidi, pumzi, Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari na nimekua nikipanda vilima vyake kila siku. Wenzangu wakichoka mi bado. Na nikichoka sisemi.

2001 nikapata kazi Ujerumani. Wenzetu kule karibu kila mji wenye heshima zake una ukumbi wa maonyesho wa umma na una wachezaji wake wa kuajiriwa, mshahara kila mwezi, bima, kila kitu. Hapo ndo nikamwandikia mama barua ndefu ya furaha nikamweleza siku yangu ilivyo, nikaandika kila asubuhi saa nne tunaanza baa mpaka saa tano na nusu, halafu ndo mazoezi. Ule mti wa kushikia unaitwa hivo. Barua ikasomwa nyumbani, ikasomwa na kwa jirani, na baada ya miezi miwili nikapata majibu mafupi sana ya baba kwamba mama yako hali vizuri, anauliza kwani umeshindwa kupata kazi nyingine. Nililia siku hiyo. Niliogopa kuwa pale kanisani wameshanizika. Nikatuma picha, nikaeleza upya, mama akaelewa, lakini kulieleza vazi lile la kubana mbele ya wazee wa kanisa ilimchukua miaka na alilibeba peke yake, sikuepo kumsaidia.

Sasa suala la rangi. Viatu enzi zangu vilikua vinatoka kiwandani vina rangi ya pinki ya ngozi ya mzungu, na sababu yake ilikua kwamba mguu uonekane mstari mmoja mpaka kwenye ncha. Kwangu mstari ulikua unakatika kwenye kifundo. Nikaanza kuvipika rangi mwenyewe. Nilichemsha ile chai ya Rungwe ya mama ikawa nyeusi kabisa nikachovya satini, ikatoka rangi ya udongo mkavu, nikajaribu kahawa ya Mbozi niliyoletewa na mtu, ikaja karibu kidogo lakini bado, mwisho nikaishia kupaka poda ya uso ya maji, chupa nzima, kwa sponji, kila jozi, usiku, mikono inanuka. Wenzangu wanalala mi napaka viatu. Na hilo lilikua kwa michezo walionikubalia. Kwenye ile michezo ya mavazi meupe niliambiwa navunja mstari. Sitasema ukumbi gani wala nani, ameshasahau nadhani. Alisema kwa upole kabisa, kwamba jicho la mtazamaji linakwenda kwako, na akanipa poda nyeupe nijipake mabegani. Nikajipaka. Sikusema kitu. Nilijiambia mbombo ngafu.

Nilikua nimesoma habari za Arthur Mitchell, mchezaji mweusi aliyeingia New York City Ballet 1955 akapanda mpaka juu, halafu Martin Luther King alipouawa 1968 akaamua kurudi mtaani kwao Harlem, mwaka uliofuata akaanzisha Dance Theatre of Harlem, na kule wachezaji wakawa wanavaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao. Picha yao niliibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Nilikua naiangalia kabla ya kujipaka ile poda. Sijui kama mnaelewa ninachosema.

Haya, barua. Kwenye kumbi za Ujerumani mkataba wa mchezaji mara nyingi ni wa msimu mmoja na unajiendeleza wenyewe, isipokua kama wanataka kukuacha wanatakiwa wakujulishe mapema, na tarehe ya mwisho kwa mtu ambaye hajakaa miaka mingi ni 31 Oktoba. Ikipita ile tarehe hujapata kitu, una kazi mpaka msimu ujao uishe. Kwa hiyo mwezi wa tisa na wa kumi hakuna mtu anayeumwa. Yaani ghafla wote tunakua wazima. Ukiumwa mwezi wa kumi umewarahisishia kazi. Mimi 2006 nilihamia ukumbi mwingine kwa hiyo hesabu ikaanza moja, na 2009 tukasikia kiongozi anaondoka anakuja mpya, na kiongozi mpya kule anakujaga na watu wake, anaweza kubadilisha karibu kundi zima.

Mwaka huo mwezi wa tisa tulikua tunaandaa Swan Lake, ile baleti ya binti aliyegeuzwa bata maji. Muziki wa Tchaikovsky, ilichezwa mara ya kwanza Moscow 1877 na haikufanya vizuri, ile tunayoijua wote ilitengenezwa upya 1895 St Petersburg na Petipa na Ivanov. Mi nilikua kwenye kundi la wale mabata maji weupe. Watu wanadhani kazi ngumu ni ya yule wa mbele anayezunguka, ni ngumu kweli, ila waulize wa kundini, kazi ngumu ni kusimama. Mnasimama pembeni mguu mmoja umebeba mwili wote, mwingine umenyooshwa nyuma, mikono imekunjwa mbele, dakika zinapita wakubwa wanacheza katikati na wewe hutakiwi hata kupepesa, nyayo zinakakamaa mpaka unaona nyota. Ndo hapo mguu wa kulia ukaanza. Juu ya unyayo, karibu na katikati, kama kuna mtu anabonyeza kwa kidole gumba. Wiki ya kwanza inauma nikimaliza. Wiki ya tatu inauma nikianza. Mwezi wa kumi inauma nikiwa nimelala.

Nikanywa dawa za maumivu, nikachovya mguu kwenye ndoo ya barafu chumbani kwangu ili asione mtu, nikajifunza kushukia mguu wa kushoto. 31 Oktoba ikapita bila barua. Nikapiga magoti nikashukuru, na ningetakiwa asubuhi yake niende kwa daktari, si ndio? Sikwenda. Maana sasa nilikua nimeona naweza. Hapo ndo pabaya pa uvumilivu, ukishafaulu mara moja unafikiri ndo nguvu zako. Mwezi wa kumi na mbili, tunacheza Nutcracker ya Krismasi, nimeruka mruko mdogo tu ambao mtoto wa miaka kumi anauruka, nimeshuka nikasikia kitu kama kijiti kinavunjika. Nikamaliza ngoma ile. Nilimaliza, nikatoka pembeni nikitabasamu, na nyuma ya pazia ndo wakanibeba.

Ulikua ufa kwenye mfupa wa pili wa unyayo, chini pale unapoungana na mguu, madaktari wa wachezaji wanaujua sana kwa sababu ndo unabeba uzito ukisimama kwa vidole. Picha ya eksirei haikuonesha vizuri, wakapiga MRI ndo ukaonekana. Daktari akaniuliza inauma toka lini. Nikamjibu, leo. Akaangalia picha, akaniangalia, akasema mfupa huu una wiki nyingi. Nikarudia, leo.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba mara ya mwisho kupata hedhi ni lini. Nikahesabu. Miezi nane. Na kabla ya hapo ilikua inakuja inapotea, na mimi na wenzangu tulikua tunafurahia kabisa, usumbufu umeisha. Akanifafanulia kama mtoto. Ukifanya kazi nyingi na kula kidogo mwili unaanza kubana matumizi, unazima kwanza kile ambacho sio cha lazima leo, homoni inayoleta hedhi inashuka, na homoni hiyohiyo ndo inayolinda mifupa. Kwa hiyo mfupa wangu haukuvunjwa na mruko. Nilikua nimeunyima chakula. Mi mtoto wa muuza mchele. Asubuhi tufaa, mchana kahawa, usiku saladi, na nyumbani kwetu ndizi zinapikwa sufuria zima na maziwa ya mtindi juu. Mabinti wanaonisoma, kama mnacheza chochote, mpira, riadha, baleti, hedhi ikikata miezi mitatu nendeni hospitali, msifurahi, huo sio wepesi.

Nilipona, nikarudi, nikacheza karibu misimu mitatu mingine na sitasema vibaya kuhusu hiyo misimu, nilicheza vizuri kuliko maisha yangu yote kwa sababu nilianza kula. Kiongozi mpya aliniacha nibaki na hakuwahi kunipa poda nyeupe. Ila 2013 mwezi wa tatu, mguu wa kushoto safari hii, ule niliokua naushukia kuuficha mwenzie, nikasikia kile kidole gumba kimerudi kubonyeza. Tulikua katikati ya mazoezi, piano inapigwa. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, inauma. Kwa Kiswahili kabisa, lilitoka hivohivo, hakuna aliyeelewa ila piano ikanyamaza. Nilikua na miaka 33. Ndo ilikua mara ya kwanza kulisema hilo neno mbele ya watu kuhusu mwili wangu. Msimu ulipoisha nikaaga.

Kuhusu pesa nisiwafiche maana wengi wanadhani tunarudi na mamilioni. Pale Paris Opera wachezaji wanastaafu na miaka 42 na pensheni yao, mfumo ambao mizizi yake ni ya enzi za huyohuyo Louis, na serikali ilipotaka kuugusa 2019 mabinti walitoka nje kwenye ngazi za ukumbi wakacheza Swan Lake kwenye baridi, 24 Desemba, kama mgomo. Niliiangalia kwenye simu nikiwa dukani kwa mama, nikaona fahari sana. Mimi sikua Paris. Nilirudi na akiba ya kujenga nyumba ndogo na kuanzia maisha, na kama si mama kuniambia toka mwaka wa kwanza kila mshahara ukitoka tuma kidogo nikununulie kiwanja, nisingekua hata na hicho.

Nilitua Songwe mwanzoni mwa 2014. Hakuna aliyenitayarisha kwa ule ukimya. Mwili unaamka saa kumi na mbili uko tayari kwenda darasani na hakuna darasa. Nilikua nashika dirisha la jikoni nafanya plie natazama Loleza, halafu nakaa chini nalia, mama yuko sokoni. Majirani wanauliza umerudi lini, unarudi lini. Baba alikua anaumwa tayari, nikamuuguza mpaka mwisho. Kuna mtu alinipa pole ya kufiwa nikashindwa kutofautisha kama nalia baba au nalia ile kazi, na nikajisikia vibaya kwa hilo muda mrefu, sasa hivi hapana. Unaweza kuwa na misiba miwili kwa wakati mmoja.

2018 kampuni ya Freed ya London ikatoa viatu vya rangi ya kahawia, wakishirikiana na Ballet Black, kundi la baleti la kulekule. Mwenzangu wa Ujerumani akanitumia picha. Miaka mitano nimeshaacha. Nikaikuza ile picha kwenye simu nikaweka kidole changu pembeni ya kiatu. Rangi moja. Nikafikiria chupa zote zile za poda.

Sasa nafundisha Jumamosi, watoto kama ishirini hivi, wa Soweto ya hapa Mbeya, wa Ilomba, wengine wanatoka mpaka Uyole. Viti vya kushikia, kama mimi, ila sakafu nimeweka mbao, hilo nilikataa kata kata, saruji inaua miguu ya watoto. Kabla hatujaanza kila mtoto anasema mwili wake leo ukoje. Mwanzoni walikua wanajibu wote kwa pamoja kama shuleni, tuko salama madam. Niliwaacha. Ilichukua miezi mpaka mtoto mmoja wa kiume, mpole sana, akasema kwa sauti ndogo madam shikamoo, mi goti. Nikamkalisha, nikamwambia asante, na siku ile sikumwita mvivu wala sikumwita shujaa. Wazazi wengine hawapendi, baba mmoja aliniambia mwalimu unawadekeza, maisha ni magumu. Nilimwelewa kabisa. Nilimwambia mzee, mtoto wako atavumilia mengi tu, nataka ajue anavumilia nini.

Mwaka huu mwezi wa tano nilikua nimekaa na mama dukani, akasimama kwenda kumpimia mteja mchele, nikaona anavyoshusha mguu. Miaka 12 nimelipwa kuangalia jinsi mtu anavyoshusha mguu na nilikua sijamwangalia mama yangu. Nyonga ya kulia. Anaukwepa, anatupa uzito kushoto, anaficha kwa kushika gunia kana kwamba analipanga. Ufundi ule naujua. Nikamuuliza mama mguu unauma? Akasema hapana, nimekaa vibaya.

Ilinichukua wiki tatu kumpeleka hospitali na nilifika mahali nikafunga duka mwenyewe nikaweka ufunguo mfukoni. Tulikaa foleni toka asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Daktari kijana, heshima zote, shikamoo mama, karibu ukae, akamuomba atembee mpaka ukutani arudi. Akatembea vizuri, kichwa juu, unaweza kusema ana miaka arobaini. Daktari akauliza, mama, inauma toka lini?

Mama akasema, juzi tu.

Sikusema kitu, nilimwekea mkono gotini. Alikaa kimya, akaangalia dirishani, akarekebisha kitenge. Halafu akasema, toka msiba wa baba yake huyu. Usiku ndo inauma zaidi.

Daktari akaanza kuandika.